Makosa ya kuwaandikia dawa watoto wachanga hospitalini: maswali ambayo wazazi na wauguzi wa Bukavu huuliza mara kwa mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wazazi ambao mtoto wao amelazwa katika wodi ya watoto wachanga, iwe katika komuni ya Ibanda, Kadutu au Bagira, na vilevile kwa ajili ya wauguzi, wakunga na madaktari vijana ambao kila siku hushika kalamu na fishi ya matibabu, yaani karatasi ya kuandikia dawa za mtoto. Dozi zinazotajwa humu zinatokana na miongozo ya Shirika la Afya Duniani, nazo zimewekwa ili kuonyesha jinsi hesabu inavyoweza kwenda kombo. Anayemtibu mtoto afuate itifaki ya hospitali yake. Desimali zimeandikwa kwa koma, kama tulivyofundishwa shuleni hapa Kongo, na sababu ya kulitaja jambo hilo itaonekana mbele.

Kosa la kuandika dawa ni kosa gani hasa?

Dawa hupita mikono mingi kabla ya kumfikia mtoto: daktari huiandika, muuguzi huinakili, mfamasia huitoa, mwingine huizimua na kuivuta kwenye sirinji, na mwingine humpa mtoto na kumfuatilia. Kosa la kuandika ni lile linalotokea katika hatua ya kwanza kabisa, kabla ampuli haijavunjwa: dawa isiyofaa, dozi iliyozidi au iliyopungua, kipimo kilichoandikwa kwa miligramu badala ya mikrogramu, nafasi ya saa isiyo sahihi kati ya dozi na dozi, njia ya kutolea ambayo haikutajwa, jina la mtoto mwingine, au dawa iliyohitajika ambayo haikuandikwa kabisa.

Hatua hiyo inastahili kuangaliwa kwa makini kuliko nyingine kwa sababu kosa likishaandikwa, wanaofuata hulitekeleza kwa uaminifu. Utafiti uliofanyika katika hospitali mbili za Boston, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2001, ulipitia maagizo 10 778 ya dawa za watoto waliolazwa, ukakuta makosa 616, yaani asilimia 5,7. Makosa mengi kati ya yale yaliyokuwa na uwezo wa kudhuru yalizaliwa pale dawa ilipokuwa ikiandikwa. Kiwango cha makosa hayo ya hatari kilikuwa mara 3 ya kile cha watu wazima, na kilipanda zaidi kwa watoto wachanga walio katika uangalizi maalum.

Kwa nini mtoto mchanga yuko hatarini kuliko mtu mzima?

Kila dozi yake ni hesabu mpya. Mtu mzima mwenye maumivu huandikiwa kidonge cha miligramu 500 bila mtu kugusa kikokotoo, lakini katika wodi ya watoto wachanga mtoto wa gramu 900 anaweza kulala karibu na mwenzake wa gramu 4 000, na dawa ileile ikawahitaji dozi mbili zinazopishana zaidi ya mara 4. Kila hesabu inayofanywa usiku, huku watoto wengine wawili wakilia na mama mmoja akiomba msaada wa kunyonyesha, ni nafasi nyingine ya kukosea.

Mwili wake nao bado unajengeka. Figo za mtoto aliyezaliwa juzi huchuja polepole, na za njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia, polepole zaidi. Ini lake halijapata nguvu ya kuvunja dawa nyingi. Na karibu robo tatu ya uzito wa mtoto aliyetimiza miezi ni maji, kiasi ambacho kwa njiti huwa kikubwa zaidi. Ndiyo maana gentamisini, dawa ya sindano ya kuua vijidudu, hukaa ndani yake kwa muda mrefu, na ndiyo maana daktari hawezi kuridhika na uzito peke yake: anapaswa kujua umri wa mimba alipozaliwa na ana siku ngapi tangu azaliwe, kwa kuwa dozi sahihi ya siku ya 3 inaweza kuwa pungufu siku ya 10. Ampisilini, dawa nyingine ya kuua vijidudu, kwa mfano, hutolewa miligramu 50 kwa kila kilo kila baada ya saa 12 katika wiki ya kwanza, kisha kila baada ya saa 8. Ambaye hakuandika umri wa mtoto juu ya fishi hana njia ya kukumbuka badiliko hilo.

Dawa zenyewe, kwa sehemu kubwa, zimetengenezwa kwa ajili ya watu wakubwa. Nyingi hazijawahi kujaribiwa rasmi kwa watoto wachanga, na ampuli zinazopatikana katika famasia za Bukavu zina nguvu ya mtu mzima, hivyo karibu kila dozi hulazimu kuzimuliwa. Tena mtoto hawezi kusema kwamba dawa ya leo si ile aliyopewa jana. Damu yake yote ni takriban mililita 80 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo moja na nusu ana damu isiyojaza nusu ya chupa ndogo ya soda, kwa hiyo kinachoonekana kuwa tofauti ndogo kwenye sirinji si kidogo kwake.

Kosa la «mara kumi» ni nini, na kwa nini wauguzi wanalihofia sana?

Tuchukue mtoto wa gramu 1 400 mwenye siku 2, anayeshukiwa kuwa na maambukizi ya damu. Kwa mtoto wa uzito mdogo aliye katika wiki yake ya kwanza, miongozo hutaja gentamisini miligramu 3 kwa kila kilo, mara 1 kwa siku. Hesabu ni 1,4 × 3, yaani miligramu 4,2.

Ampuli tuliyo nayo ina miligramu 80 katika mililita 2, maana yake miligramu 40 katika kila mililita. Miligramu 4,2 ni mililita 0,105, kiasi ambacho hata sirinji ya mililita 1 haikipimi kwa uhakika. Kwa hiyo muuguzi huchukua mililita 1 ya dawa, huongeza mililita 3 za seromu ya chumvi, hupata mchanganyiko wenye miligramu 10 kwa mililita, kisha humpa mtoto mililita 0,42. Mambo haya yote, pamoja na namna ya kuzimua, yanapaswa kuonekana kwenye fishi. Daktari anayeandika «gentamisini 4,2 mg» na kuondoka amemwachia muuguzi nusu ya kazi yake, na ni nusu iliyo ngumu zaidi.

Sasa fikiri koma imepotea, kwa sababu kalamu haikuandika vizuri au karatasi ya nakala haikuipokea. Dozi inasomeka miligramu 42. Kwenye ampuli hiyo ni mililita 1,05, kama nusu ya ampuli moja, na hakuna kinachomshtua mtu. Kwa mtu mzima kosa la mara kumi lingemlazimisha muuguzi kuvunja ampuli kumi, na hapo lazima angesimama na kuuliza. Kwa mtoto mchanga kosa hilohilo huingia ndani ya ampuli moja na sirinji moja, likapita kimya. Vitamini K inayotolewa baada ya kuzaliwa ina mtego uleule: dozi ya kawaida ni miligramu 1, nayo ampuli nyingi zina miligramu 10 katika mililita 1, hivyo anayetoa «ampuli moja» ametoa mara kumi.

Gentamisini ikizidi hudhuru figo na sikio la ndani. Figo zinaweza kupona. Usikivu uliopotea kwa njia hiyo haurudi, na mara nyingi familia hugundua baadaye sana, pale mtoto anapochelewa kusema.

Kosa la kinyume lipo pia, na halizungumzwi vya kutosha. Dozi iliyopungua mara kumi haileti sumu, lakini inamwacha mtoto na maambukizi yasiyotibiwa, na kila mtu anaamini kwamba yuko kwenye dawa.

Koma, nukta na vifupisho vina madhara gani?

Hapa Bukavu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa tunaandika kwa Kifaransa lakini sehemu ya dawa zetu hupitia Uganda, Kenya na Rwanda, au hutoka India, zikiwa na maandishi ya Kiingereza. Kwenye fishi yetu, 1,5 ni moja na nusu. Kwenye lebo hiyo ni 1.5. Kuna pia wenye mazoea ya kuandika 1.500 wakimaanisha elfu moja na mia tano, ilhali aliyezoea lebo za Kiingereza anaweza kuisoma kuwa moja na nusu. Hiyo si tofauti ya mara kumi, ni ya mara elfu. Hospitali inapaswa kuchagua namna moja na kuibandika ukutani, na elfu ziandikwe kwa kuacha nafasi tu, bila nukta wala koma.

Mazoea mengine yanayostahili kuachwa ni haya. Usiandike 5,0, kwa sababu koma ikififia inakuwa 50, andika 5. Usiandike ,5, tanguliza sufuri, 0,5. Neno mikrogramu liandikwe kamili, wala si kwa herufi ya Kigiriki inayofanana na m, wala kwa «gamma» ambayo baadhi ya madaktari waliosoma zamani bado huitumia. Kifupisho UI nacho ni cha hatari, kwani U iliyoandikwa kwa haraka hufanana na sufuri na I hufanana na moja; andika «uniti». Tarakimu 1 yenye kichwa kirefu na 7 isiyo na kistari zimeshawasumbua wengi.

Maagizo ya simu usiku yana tatizo lake. Kwa Kifaransa, «six» na «dix» hukaribiana mno sikioni, hasa mtandao unapokatika-katika. Anayepokea agizo aliandike kwanza, kisha alisome kwa sauti, tarakimu moja baada ya nyingine, na anayeagiza athibitishe. Asubuhi daktari atie saini. Ikiwa daktari yuko ndani ya jengo, sioni sababu ya kukubali agizo la mdomo isipokuwa wakati wa kumfufua mtoto.

Uzito upi utumike katika hesabu: wa kuzaliwa au wa leo?

Watoto wengi hupungua katika siku za kwanza, hata kufikia asilimia 10 ya uzito wao, kabla ya kuanza kupanda tena. Desturi ya wodi nyingi ni kutumia uzito wa kuzaliwa mpaka mtoto aufikie tena, kisha kutumia uzito wa sasa. Muhimu ni kwamba uzito uliotumika uandikwe kando ya dozi, pamoja na tarehe, ili anayehakiki ajue hesabu imesimama juu ya nini.

Shida kubwa ninayoiona iko kwenye mizani. Mizani ya kutundika, ile ya siku za chanjo, huonyesha gramu 100 kwa 100. Kwa mtoto wa kilo 1, hatua moja ya mshale ni sehemu ya kumi ya mwili wake. Wodi ya watoto wachanga inahitaji mizani ya kidijitali inayoonyesha gramu chache, iwekwe mahali palipo sawa, irudishwe kwenye sufuri kabla ya kila mtoto, na mtoto apimwe bila nepi iliyolowa wala kibao kinachoshikilia mkono wenye kanula (mrija mdogo wa mshipani). Uzito wa kukisia kwa macho, au ule uliosemwa na mtu aliyemleta mtoto kwa pikipiki, utumike kwa dharura tu, na uandikwe kwamba ni wa kukisia.

Kwa upande mwingine, mtoto anayekua husahaulika. Aliyeanza na gramu 1 400 na sasa ana 1 900 anaendelea kupewa dozi ya mwezi uliopita ya kafeini, dawa ya kumsaidia njiti kupumua. Siku moja ya wiki itengwe kwa kuhesabu upya dozi zote za watoto waliokaa muda mrefu.

Je, kuna dawa ambazo kuandikiwa mtoto mchanga ni kosa hata dozi ikiwa sahihi?

Zipo, na historia yake ni ya uchungu. Mwaka 1959 madaktari wa Los Angeles walichapisha habari za njiti waliokuwa wakipewa kloramfenikoli ili kuwakinga na maambukizi: waliopewa dawa walikufa kwa wingi kuliko wasiopewa. Walivimba tumbo, ngozi ikageuka rangi ya kijivu, wakazimia. Ini lao halikuweza kuiondoa dawa hiyo. Hakuna aliyekusudia ubaya. Watu walidhani tu kwamba mtoto mchanga ni mtu mzima mdogo.

Kwetu leo, dawa ya kuzungumziwa zaidi ni seftriaksoni, ya kuua vijidudu, kwa sababu ni rahisi kuipata na daktari anaipenda. Kwa mtoto mchanga ina mambo mawili. Kwanza, huiondoa bilirubini, ile rangi ya manjano iliyo katika damu, pale inapokuwa imeshikiliwa katika protini ya damu, kwa hiyo mtoto mwenye umanjano, hasa njiti, anaweza kudhurika ubongo. Pili, ikikutana na kalsiamu ndani ya mishipa hutengeneza chembe ngumu, na watoto wachanga wameshakufa kwa njia hiyo. Kumbuka kwamba seromu ya Ringer, maji yanayotundikwa mshipani, ina kalsiamu ndani yake. Pale ambapo sefotaksimu, dawa ya jamii hiyohiyo, inapatikana, ndiyo inayopaswa kuandikwa kwa mtoto wa aina hiyo. Kotrimoksazoli, dawa nyingine ya kuua vijidudu, nayo huepukwa katika majuma ya kwanza kwa sababu ya bilirubini.

Dozi ya kwanza ilikuwa kubwa, ya pili ndogo. Je, mmoja kati ya walioandika alikosea?

Huenda hapana. Baadhi ya dawa huanza na dozi kubwa ili zifikie kiwango haraka, kisha hufuatwa na ndogo za kila siku. Fenobabitali kwa degedege huanza na miligramu 20 kwa kila kilo, kisha takriban 5 kwa siku. Kafeini sitrati kwa njiti anayekoma kupumua huanza na 20, kisha 5 hadi 10 kwa siku, kuanzia saa 24 baadaye.

Kosa huingia asubuhi inayofuata, fishi mpya inaponakiliwa kutoka ya jana na dozi ya kuanzia ikahamishwa kama dozi ya kila siku. Mtoto aliyekuwa na degedege anaonekana ametulia, kumbe amelewa dawa na pumzi zake zinapungua. Dozi ya kuanzia iandikwe mahali pake peke yake, na mstari upigwe chini yake mara tu inapotolewa. Kwa kafeini kuna la kuongeza: miligramu 20 za sitrati ni sawa na miligramu 10 za kafeini tupu, kwa hiyo agizo lisilosema ni ipi halijakamilika.

Mtoto wetu ameletwa kutoka kisiwa cha Idjwi. Kwa nini wanauliza alipewa nini huko?

Kwa sababu kituo cha afya hufanya vema kumpa mtoto dozi ya kwanza ya ampisilini na gentamisini kabla ya kumpandisha mtumbwi au gari, na ikiwa dozi hiyo haikuandikwa, hospitali ya Bukavu humpa nyingine. Gentamisini mbili ndani ya saa chache, katika figo za siku mbili, ni dozi maradufu ambayo kila aliyeitoa aliitoa kwa nia njema. Jambo hilohilo hutokea kwa wanaotoka Kabare, Walungu na Kalehe. Cheti cha uhamisho kiseme jina la dawa, miligramu, njia na saa. Mzazi naye asione haya kuzileta ampuli tupu ndani ya mfuko, zinasema mengi.

Na mapacha?

Mtoto ambaye hajapewa jina huitwa kwa jina la mama yake, na mapacha wote wawili huwa na jina hilo moja. Wavikwe utambulisho mkononi au mguuni wenye namba, saa ya kuzaliwa na uzito, na kila mmoja awe na fishi yake. Kuandika dawa za wawili kwenye karatasi moja kusiruhusiwe hata kwa saa moja.

Je, haya ni matatizo ya hospitali maskini tu?

Hapana. Mwaka 2006, katika mji wa Indianapolis, Marekani, watoto watatu njiti walikufa baada ya kupewa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ya uniti 10 000 kwa mililita badala ya 10 kwa mililita, kwa sababu vichupa vilifanana na vya nguvu kubwa viliwekwa mahali pa vidogo. Hilo halikuwa kosa la kalamu, lilikuwa la kabati, lakini linaonyesha kwamba fedha peke yake hazimlindi mtoto. Shirika la Afya Duniani lilizindua mwaka 2017 mwito wa kupunguza madhara ya dawa yanayoepukika, na Siku ya Usalama wa Mgonjwa ya tarehe 17 Septemba 2025 iliwekwa kwa ajili ya watoto wachanga na watoto wote.

Kompyuta inayokataa dozi iliyozidi husaidia kweli. Lakini umeme ukikatika nayo hunyamaza, na wapo waliozoea kubonyeza «endelea» bila kusoma onyo. Kwa wodi zetu, naamini karatasi iliyochapwa vizuri ina faida kubwa kuliko inavyodhaniwa: jedwali la dawa kumi au kumi na mbili zinazotumika kila siku, likionyesha kwa kila kipimo cha uzito dozi ya miligramu na mililita baada ya kuzimua kwa namna moja iliyokubaliwa na wote. Jedwali hilo lihakikiwe na daktari na mfamasia, liwe na tarehe, na ampuli za nguvu tofauti zikinunuliwa lichapwe upya siku hiyohiyo. Ampuli ya nguvu nyingine ikiingia kabatini bila taarifa, jedwali zuri linageuka kuwa chanzo cha makosa.

Muuguzi akiona dozi isiyoeleweka, afanye nini?

Asiitoe. Ahesabu mwenyewe bila kutazama hesabu ya daktari, amwombe mwenzake ahesabu pia, na majibu yakitofautiana amwite aliyeandika. Uhakiki wa watu wawili una maana pale tu kila mmoja anapoanza upya; wa pili akiinama juu ya karatasi ya wa kwanza na kusema «ndiyo, ni sawa», hakuna kilichohakikiwa.

Najua jinsi ilivyo vigumu kwa muuguzi kijana kumwambia daktari mkuu, mbele ya wanafunzi, kwamba dozi yake ina shaka. Ndiyo sababu kanuni hii isiachwe kwenye ujasiri wa mtu mmoja mmoja: mkuu wa wodi atangaze mbele ya wote kwamba muuguzi anayesimamisha dozi ili kuuliza ametimiza kazi yake, na atakayemkaripia kwa hilo aitwe kueleza. «Samahani dokta, nimepata miligramu 4,2, hapa naona 42, tuhesabu pamoja» ni sentensi ya heshima, na daktari anayeipenda kazi yake ataipokea kwa shukrani.

Mimi ni mama tu. Je, ninaruhusiwa kuuliza kuhusu dawa?

Unaruhusiwa, na unahitajika. Wewe ndiye uliye karibu na mtoto zamu zote, wakati wahudumu hubadilika. Uliza kwa upole: leo mtoto amepima kiasi gani, dawa hii inaitwaje, inatibu nini, atapewa mara ngapi kwa siku. Ukiona dawa mpya, au ukiona aliyepewa saa moja iliyopita anaandaliwa tena, sema kabla sindano haijaingia. Anayekupokea zamu, awe bibi au shangazi wa mtoto, naye ajue majibu hayo.

Mara nyingi familia hutumwa kununua dawa nje. Nunua katika famasia inayojulikana, si sokoni, na muuzaji akikupa ampuli yenye miligramu tofauti na zilizoandikwa kwenye cheti, hata akisema ni dawa ileile, mwambie muuguzi waziwazi ili azimue upya kwa hesabu mpya.

Kosa limetokea. Sasa nini?

Dawa isimamishwe, mtoto aangaliwe pumzi, mapigo ya moyo, sukari na mkojo, na daktari aitwe mara moja. Kiasi kilichotolewa na saa yake viandikwe kama vilivyokuwa. Kufuta au kubadilisha fishi kunamnyima mtoto matibabu sahihi. Wazazi waambiwe siku ileile, kwa lugha wanayoielewa, na mtu anayeweza kujibu maswali yao, wakiwa wameketi, si koridoni. Ikiwa ni gentamisini iliyozidi, kipimo cha damu cha figo kifanyike na familia ipewe tarehe ya kupimwa usikivu.

Kuhusu adhabu, msimamo wangu ni huu: anayeficha kosa awajibishwe, na anayetoa taarifa alindwe. Daktari aliyefanya zamu ya saa 24 na kuandika kwenye karatasi isiyo na nafasi ya uzito akifukuzwa, anayechukua kalamu yake kesho ataandika kwenye karatasi ileile. Daftari la makosa liwekwe wodini, bila majina ya waliokosea, lisomwe kila mwezi na daktari, muuguzi na mfamasia wakiwa pamoja, na kila mara waulizane ni kitu gani kwenye karatasi, kabati au mizani kitabadilishwa.

Tukiruhusiwa kwenda nyumbani na dawa ya maji, tuzingatie nini?

Ombeni karatasi yenye jina la dawa, miligramu, mililita na uzito uliotumika. Msipime kwa kijiko cha nyumbani, kwa sababu vijiko havilingani. Ombeni sirinji isiyo na sindano, muuguzi aweke alama ya wino kwenye mstari unaotakiwa, kisha mpime mbele yake mara moja kabla ya kuondoka. Chupa mpya ikinunuliwa, linganisheni kwanza namba zilizo kwenye lebo na za ile ya zamani. Kwenye kila ziara mtoto apimwe, na dozi ihesabiwe upya. Kifuniko kidogo cha sirinji kitupwe kabla ya kumpa mtoto dawa, kwani kinaweza kuchomoka na kumziba koo.